Mtoto wa Mgongoshamba

Saa tatu kamili asubuhi jiji zima la Unyangwe liligeuka, likalipa jua mgongo.

Ndiyo saa ya kifungua kinywa. Makarani walitoka maofisini, mafundi wakaweka nyundo chini, hakimu akaahirisha kesi, yeye na mshtakiwa wake wakatoka kusimama uani bega kwa bega. Migongoni mwao, ndani ya vazi jembamba linaloonyesha, maji ya kijani yalianza kutoa mapovu. Hapakuwa na moshi wala sufuria. Watu laki nne walikuwa wanakula, na hapakuwa na mdomo hata mmoja uliokuwa ukitafuna.

Vazi hilo liliitwa mgongoshamba. Lilikuwa na vifuko mia mbili, na kila kifuko kilijaa mwani wa kijani, mdogo kiasi kwamba maelfu hutoshea kwenye tone la maji. Ndani ya kila seli ya mwani huo mna kijumba kimoja cha kijani kiitwacho kiwiti. Hicho ndicho jiko lenyewe: hupokea mwanga, maji na hewa, kikapika sukari. Mirija myembamba kuliko unywele huichukua sukari hiyo na kuipitisha kwenye ngozi mpaka damuni. Unyangwe ulikuwa na miaka mitatu bila mvua ya maana, na katika miaka hiyo haukuzika mtu hata mmoja kwa njaa. Hilo si jambo dogo, na asije mtu akadhani nalidharau.

Palibaki swali moja tu. Je, mama mjamzito naye avae?

Mamlaka ya Lishe ilitaka jibu, tena ilitaka jibu la ndiyo. Aliyepewa kazi ya kulitafuta alikuwa Dokta Leokadia Mpahi, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mkali wa maswali, asiyesaini karatasi mpaka aisome mara tatu. Alisema hataki maneno matamu. Anataka ushahidi kwamba kiwiti hakitoki kwenye kifuko kikaingia mwilini mwa mtu.

Sasa utakijuaje kiwiti ndani ya damu ya mtu mzima? Hapo ndipo Leokadia alipotumia alama ya mionzi. Vinasaba, yale maandishi ya uhai yaliyomo ndani ya seli, huandikwa kwa herufi nne tu. Mwani huu una tabia ya ajabu: ukiutilia moja ya herufi hizo majini, kiini cha seli hakiigusi kabisa. Kiwiti peke yake ndicho huidaka na kuitumia kuandika vinasaba vyake. Basi Leokadia aliifunga herufi hiyo pamoja na iodini yenye mionzi, akaimimina kwenye mtungi, akasubiri siku tatu. Mwani ulipogawanyika, kila kiwiti kipya kilikuwa kimejiandika kwa wino unaotoa mionzi. Popote ambapo kingekwenda, bamba la kunasia mionzi lingekiona na kuweka doa jeusi.

Watu kumi na wawili walijitolea kuuvaa mwani huo siku thelathini. Damu yao ilipimwa, jasho lao likapimwa, mabamba yakatoka meupe kama sahani iliyosuguliwa. Mwishoni mwa Julai Leokadia aliandika: hakuna kinachovuka. Akasoma mara tatu, akasaini. Wiki hiyohiyo wanawake wajawazito walianza kupanga foleni, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti yake mwenyewe, Siwema, mwenye mimba changa ya kwanza.

"Mama yangu ndiye amesaini," Siwema aliwaambia wenzake waliokuwa wakisitasita. "Mnamwogopa nani tena?"

Wakavaa. Ilipofika Novemba walikuwa wanawake elfu tatu na mia moja.

Asubuhi hiyo ya Novemba Leokadia alikuwa anasafisha maabara. Wakaguzi wangekuja kuhakikisha hakuna mabaki ya mionzi, basi alibandika mabamba kila mahali: ukutani, mlangoni, na moja kubwa mbele ya meza yake. Siwema akaingia akitafuna udongo, tumbo la miezi saba likimtangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huo udongo utaacha lini?"

"Siku mjukuu wako atakapoacha kuudai." Siwema alicheka, akavuta kiti hadi penye jua la dirishani, akaketi akiielekea meza. "Leo hajatulia hata kidogo. Tangu saa tatu ananipiga mateke. Ana hasira za bibi yake."

"Ana akili za bibi yake," Leokadia alimjibu.

Walipiga soga saa nzima. Siwema alisimulia habari za kliniki, za majina, za mumewe aliyehamishiwa migodini. Leokadia alifurahi, na baadaye alijilaumu hata kwa furaha hiyo. Siwema alipoondoka, yeye alikusanya mabamba na kuyatia kwenye mashine ya kuyasoma. La ukutani lilitoka jeupe. La mlangoni jeupe. La mezani likatoka na madoa.

Kwanza aliona kivuli kipana cha pembe nne, kimefifia. Lilikuwa umbo la mgongoshamba. Mgongoshamba wa Siwema una mionzi? Umeipata wapi? Kisha akaona kwamba mbele ya kivuli hicho kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cheusi zaidi, chenye mipaka. Aliliinua bamba dirishani ili aone vizuri. Palikuwa na kichwa. Palikuwa na mgongo uliopinda, na magoti yaliyokunjwa kama ya mtu aliyelala kwa baridi.

Aliliweka bamba chini taratibu sana.

"Mzee Gwandu!" aliita. "Mzee Gwandu, njoo!"

Mzee Gwandu alikuwa mlezi wa mbegu, yaani mwani wa kuanzishia mitungi mipya, mtu wa miaka sitini na tisa aliyeshinda kwenye mitungi tangu maabara ilipofunguliwa. Hakusoma sana, lakini alikuwa anajua kwa harufu tu kama mwani una afya. Aliingia akijifuta mikono.

"Mtungi wa majaribio," Leokadia alisema. "Ule niliouwekea alama. Nilikwambia umwagwe wote kwenye shimo la zege. Uliumwaga?"

"Niliumwaga, Dokta."

"Wote?"

Mzee Gwandu aliacha kujifuta mikono. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hilo ndilo lililomponza na kumwokoa.

"Nilibakiza upawa mmoja," alisema. "Dokta, mbegu haimalizwi. Hata marehemu mama, akimimina mtindi kibuyuni, lazima abakize wa chini wa kugandishia maziwa ya kesho. Mimi sijawahi kumaliza mtungi katika maisha yangu. Mkono wenyewe hautaki."

"Upawa huo uko wapi?"

"Nilijazia mgongoshamba mmoja tu." Uso wake ulikuwa umejaa imani. "Nilifikiri, mbegu hii imepimwa na Dokta mwenyewe, siku thelathini, imeonekana safi. Hakuna bora kuliko hii. Sasa bora utampa nani kama si binti wa Dokta? Nikaiweka kwa Siwema. Nilitaka kukuheshimu."

Leokadia alikaa. Hakumgombeza. Alichukua kalamu akapiga hesabu ya mionzi, akairudia, akaona kwamba kwa bahati ilikuwa kidogo, haizidi picha mbili za eksirei. Mtu mwingine angeshukuru na kuishia hapo. Lakini mionzi ilikuwa wino tu, na hofu yake ilikuwa juu ya maandishi. Viwiti vilikuwa vimevuka. Vilikuwa vimetoka kwenye vifuko vya mgongoni, vimepita damuni bila kukaa, vimeingia kwa mtoto, na humo vilikuwa vinaishi.

Kwa nini basi wale kumi na wawili walitoka safi? Jibu lilimjia akiwa bado ameshika kalamu, na alitamani lisingemjia. Lilikuwa jambo alilowafundisha wanafunzi kila mwaka. Mwani huu ukioana, seli mbili zikawa moja, kiwiti cha upande wa baba huvunjwa, vinasaba vyake vikafutwa kabisa. Kinachorithiwa ni kiwiti cha mama peke yake. Kiwiti kimezoea njia ya mama kwenda kwa mtoto tangu zamani za zamani. Kwa wale kumi na wawili hakikuwa na pa kwenda, maana hakuna aliyekuwa na mimba. Aliwachagua hivyo kwa makusudi, kwa usalama.

"Ningeumwaga wote, tusingejua," Mzee Gwandu alisema polepole, maana alikuwa ameshaelewa.

"Tusingejua," Leokadia alisema.

Alimpigia simu Mkurugenzi wa Mamlaka. Mkurugenzi alisikiliza, akakohoa, akauliza kama bamba moja linatosha kuutisha mji. Akamkumbusha kwa upole kwamba sahihi iliyopo ni ya Dokta, si ya Mamlaka.

"Najua ni yangu," Leokadia alimwambia. "Ndiyo maana natangaza sasa hivi."

Dakika kumi baadaye tangazo lake likasikika kwenye vipaza sauti vya mitaa yote na kwenye kila simu ya mama mjamzito: vueni migongoshamba mara moja, ingieni ndani, kaeni kivulini, msubiri maelekezo. Lilikuwa agizo la mtu mwenye busara. Ukitilia shaka chakula, unakitoa mdomoni. Nani angefikiri vinginevyo?

Kisha alikwenda mbio nyumbani kwa Siwema akiwa na kisikizi, kile kidude cha kuwekwa tumboni kinachoonyesha mapigo ya moyo wa mtoto na mwendo wa damu kwenye kitovu. Alimkuta binti yake ameshatii. Amevua, amefunga mapazia, ameketi chumbani gizani na khanga kifuani.

"Mama, kuna nini?"

Leokadia alimweleza yote. Hakupunguza neno. Siwema alisikiliza huku mkono wake ukizunguka tumboni, ukizunguka tu.

"Kwa hiyo mwanangu ni wa kijani," alisema mwishoni.

"Sijui. Ngoja nimsikilize."

Aliweka kisikizi. Namba ikatokea: mia moja na kumi na nane. Leokadia alikunja uso. Mtoto wa miezi saba anapaswa kufika mia na arobaini. Akasubiri. Mia moja na tisa. Mia moja na tatu.

"Anacheza?" aliuliza.

"Ametulia. Si nimekaa ndani?" Siwema alisema kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Nikikaa ndani hutulia. Nikitoka juani anaanza fujo."

Leokadia alimtazama. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano wa mimba. Si mimi tu, mama, wote tuko hivyo. Kliniki tunataniana, tunawaita watoto wa jua. Ukitaka mtoto acheze, unafunua tumbo uani." Aliona uso wa mama yake ukibadilika. "Kwani wewe ulikuwa hujui? Mimi nilidhani unajua. Nilidhani ndivyo mlivyopanga."

Hakuna aliyempangia mtoto yule. Hakuna hata aliyewauliza wanawake wale swali moja la kawaida, hali ya mtoto vipi. Leokadia, mkali wa maswali, alikuwa ameuliza damu, jasho na mabamba.

Tisini na sita.

Alisogeza kisikizi kwenye kitovu, akatazama mwendo wa damu. Damu ilikuwa inapita kwa kusuasua, kijito badala ya mto. Kondo lilikuwa limesinyaa. Mwili wa mama ni wenye kubana matumizi. Mwili wa Siwema ulimwona mtoto anajipikia mwenyewe, kwa mwanga hafifu unaopenya ngozi ya tumbo, ukaanza kumpunguzia sahani kidogo kidogo, siku baada ya siku. Usiku aliweza kuuvumilia kwa akiba ya mchana kutwa; sasa akiba ya jana ilikuwa imekwisha, na ya leo haijajaa. Mtoto huyu hakuwa tena analishwa na mama yake. Alikuwa analishwa na jua.

Na yeye, Leokadia, alikuwa ametoka kuwaamuru wanawake elfu tatu na mia moja wafunge mapazia.

"Nyanyuka!" alipiga kelele. "Siwema, nyanyuka, toka nje! Funua tumbo!"

Walitoka uani wakikimbia, Siwema akijikwaa kizingitini. Leokadia alipiga magoti kwenye vumbi, kisikizi mkononi. Themanini na tisa. Tisini na nne. Kisha teke moja, dogo, ambalo waliliona wote wawili likiinua ngozi. Mia moja na kumi. Siwema alilia kwa sauti. Leokadia hakuwa na nafasi ya kulia. Alikuwa ameshika simu, na sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vya mitaa yote ikiwa na pumzi za mtu aliyekimbia.

"Ni mimi Leokadia Mpahi, niliyesaini kwamba hakuna kinachovuka. Nilikosea. Nimekosea pia tangazo la kwanza. Akina mama, tokeni nje. Fungueni nguo tumboni, kaeni juani. Msione haya. Tokeni sasa hivi."

Kote mtaani milango ilifunguka. Wanawake walitoka wakiwa wamefunua matumbo, wengine wakisaidiwa na mama wakwe, wengine wakikokota mikeka. Wakageuza matumbo juu. Ndipo kivuli kikapita juu yao.

Leokadia aliinua macho. Wingu lilikuwa limetokea mashariki, jeusi, zito, limeshika anga kutoka kilima hadi kilima. Miaka mitatu jiji hili lilikuwa limesali makanisani na misikitini kwa ajili ya wingu hilohilo. Vigelegele vilianza mtaa wa chini, vikapanda mtaa kwa mtaa. Wazee walitoka na ndoo. Mtu alikuwa anapiga debe kama ngoma. Leokadia, mtoto wa wafugaji, aliyekua akifundishwa kusema asante kila tone linapodondoka, sasa aliiogopa mvua.

"Mama," Siwema alisema, "ameanza kutulia."

Maabara ilikuwa na taa za kukuzia mwani, taa kali kumi na moja zenye mwanga wa jua. Mzee Gwandu alikuwa ameshaziwasha zote Leokadia na Siwema walipofika mlangoni kwa gari; hakuambiwa na mtu, aliona wingu tu. Alikuwa ameondoa mitungi na kutandika magunia masafi sakafuni. Leokadia alimlaza binti yake chini ya taa kubwa kuliko zote, akaweka kisikizi, akatazama namba. Mia moja na mbili. Mia moja na kumi na nne. Mia moja na thelathini na sita. Nje mvua ilianza kupiga bati kwa kishindo.

Kisha mlango ukagongwa.

Walikuwa wanawake wanne, wameloa chapachapa, mikono tumboni. Nyuma yao walikuwa ishirini. Nyuma ya hao, mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwisho wa mstari hauonekani.

"Dokta," alisema wa mbele, msichana ambaye hata miaka ishirini hajafika. "Tumesikia mna taa."

Mzee Gwandu aliwaingiza, akawalaza wawili wawili chini ya kila taa, kisha watatu watatu, na wale waliobaki ukumbini wakawa wanaita watabibu, wanaita Mungu, wanaita jina la Leokadia. Taa iliyo juu ya Siwema ilikuwa bado ya mtu mmoja. Leokadia alikuwa amesimama mbele yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Siwema ndiye aliyesema. Alikuwa anamtazama msichana yule, aliyeketi sakafuni, kisikizi kingine cha maabara kikiwa tumboni mwake na namba yake ikiwa chini sana.

"Mama. Huyu mwanzoni alikuwa amekataa kuvaa. Mimi ndiye niliyemwambia wewe umesaini."

"Siwema, nyamaza."

"Sogeza taa, mama."

"Nikisogeza..."

"Najua. Sogeza."

Leokadia aliweka mkono kwenye shingo ya taa. Chuma kilikuwa cha moto, kikamchoma kiganja, hakukiondoa. Aliisukuma nusu hatua, mpaka nusu ya mwanga ikamwangukia msichana yule na nusu ikabaki juu ya tumbo la binti yake. Namba ya mjukuu wake ikashuka. Mia moja na thelathini na moja. Mia moja na ishirini na tano. Mia moja na kumi na tisa.

Mlangoni waligonga tena. Mzee Gwandu alimtazama Dokta, akingoja aambiwe afungue au asifungue, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika.

"Fungua," Leokadia alisema, macho yake yakiwa kwenye namba.